WCW: Kampuni ya mieleka iliyoongoza wiki 83, kisha ikafa

Ukitaja Sting, Goldberg au Hulk Hogan mbele ya watu waliokuwa watoto au vijana mwishoni mwa miaka ya 1990, mazungumzo hayaishi upesi. Wengi wetu tuliwajua kupitia mikanda ya video, katika vibanda vyenye mabenchi ya mbao na jenereta inayonguruma nje. Mikanda ilifika imechelewa, na haikuja kwa mpangilio. Leo unamwona mtu na mkanda wa ubingwa, kesho unaonyeshwa pambano la zamani ambalo bado hajaupata.

Sisi tuliita vyote "mieleka", basi. Lakini nyuma ya mikanda ile kulikuwa na kampuni mbili kubwa za Marekani zilizokuwa zikigombea watazamaji. Moja ni WWF, ambayo tangu 2002 inaitwa WWE na ipo hadi leo. Nyingine ni WCW, iliyofungwa Machi 2001. Katika makala hii tunaeleza WCW ilikuwa nini, ilipandaje hadi kileleni, na kwa nini ilianguka haraka kiasi kile.

Je, mieleka ile ni kweli au igizo?

Tuanze na swali hili, maana bila jibu lake mengine hayaeleweki. Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, mshindi hupangwa kabla ya pambano. Wapo watu wanaoandika hadithi: nani mwema, nani mwovu, nani ashinde mkanda na lini. Wale wawili walio ulingoni wanashirikiana ili pambano lipendeze na wasiumizane.

Hata hivyo, miili ni ya kweli. Mtu anayerushwa chini anaanguka kweli. Desemba 1999, Bret Hart, bingwa kutoka Canada aliyekuwa WCW, alipigwa teke la kichwa katika pambano na Goldberg. Haikukusudiwa, lakini ubongo wake ulitikisika, na mwaka uliofuata alilazimika kustaafu.

Kitu kingine kisichopangwa ni mtazamaji. Yeye anajua, au anahisi, kwamba ni igizo. Anakubali kulifuata kwa sababu ameahidiwa kitu: kwamba akisubiri, mwovu atalipwa uovu wake, na aliyevumilia atashinda. Kwa maneno mengine, mtazamaji anakubali kudanganywa, mradi asidharauliwe. Shika neno hilo, tutalirudia.

Ilianzia wapi?

WCW ilitokana na kampuni ya familia ya Crockett, iliyokuwa na makao Charlotte, jimbo la North Carolina. Kampuni hiyo ilipoishiwa fedha, mwaka 1988 ilinunuliwa na Ted Turner, tajiri wa Atlanta aliyeanzisha televisheni ya habari ya CNN. Turner alikuwa na vituo vya televisheni, na mieleka ilimletea watazamaji wengi.

Nyota wake wa mwanzo walikuwa wawili. Ric Flair alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu, majoho ya kumetameta na maneno mengi ya majigambo. Sting alikuwa kijana mwenye rangi usoni, aliyependwa sana na watoto. Wawili hawa walipambana mara nyingi, na majina yao yatajitokeza tena hadi mwisho wa habari hii.

Tarehe 2 Agosti 1992, mjini Baltimore, Ron Simmons alimwangusha jitu lililoitwa Vader na kuwa mtu mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa WCW. Ushindi ulikuwa umepangwa, ndiyo. Lakini kuamua kwamba mtu mweusi ndiye awe bingwa wa kampuni nzima lilikuwa jambo ambalo kampuni hiyo haikuwahi kulifanya.

Vita vya Jumatatu

Tarehe 4 Septemba 1995, WCW ilianzisha kipindi kilichoitwa Nitro, kikirushwa Jumatatu usiku, saa ile ile ya kipindi cha WWF. Hapo ndipo vita vilipoanza. Nitro ilirushwa moja kwa moja, wakati WWF ilikuwa ikirekodi baadhi ya vipindi vyake siku kadhaa kabla. Mtangazaji wa WCW aliweza kuwaambia watazamaji matokeo ya upande wa pili hata kabla hawajayaona.

Lakini kilichobadilisha kila kitu kilitokea tarehe 7 Julai 1996, Daytona Beach, Florida. Wanamieleka wawili waliotoka WWF, Scott Hall na Kevin Nash, walikuwa wakijifanya wavamizi waliokuja kuiteka WCW. Walisema wana mtu wa tatu, ila hawakumtaja. Pambano likiwa limepamba moto, akatokea Hulk Hogan. Kwa miaka mingi Hogan ndiye aliyekuwa mwema kuliko wote, mtu wa kuwahimiza watoto wasali na wale vizuri. Watu wakashangilia wakidhani amekuja kuokoa. Badala yake akamshambulia Randy Savage, mwenzao wa upande wa wema. Ndiye aliyekuwa mtu wa tatu.

Kule vibandani tulizoea kusema stelingi hauawi. Hatukuwa tumejiandaa kwa stelingi anayegeuka adui. Hata ukumbini siku ile watu walirusha takataka hadi ulingo ukajaa. Kundi hilo jipya, nWo, lililovaa nyeusi na nyeupe, likawa gumzo. Kuanzia katikati ya 1996 hadi Aprili 1998, Nitro ilipata watazamaji wengi kuliko kipindi cha WWF kwa wiki 83 mfululizo.

Utamu haukuwa kwa majitu peke yao. WCW iliwapa nafasi wanamieleka wenye miili midogo, wengi wao kutoka Mexico na Japani, walioruka kutoka kwenye kamba kama vile hawana uzito. Tarehe 26 Oktoba 1997, mjini Las Vegas, Rey Mysterio alipambana na Eddie Guerrero. Rey akishindwa, ilibidi avue barakoa yake. Akishinda, anachukua mkanda. Alishinda, na hadi leo wapenzi wa mieleka hulitaja pambano hilo wanapohesabu mapambano bora ya miaka ile. Ndani ya kampuni hiyo hiyo alikuwa akikua Booker T, aliyeanza kwa kupambana bega kwa bega na kaka yake, kisha akasimama mwenyewe.

Ilianza kuoza wapi?

Watu wengi husema WCW ilikufa mwaka 2001. Sisi tunaona kwamba ugonjwa ulianza mapema, wakati kampuni ikiwa bado juu. Ulianza pale ahadi kwa mtazamaji zilipoanza kuvunjwa.

Mfano wa kwanza ni Sting. Baada ya uvamizi wa nWo, alipaka uso rangi nyeupe na nyeusi, akanyamaza, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakupigana. Alionekana juu darini mwa kumbi, akiwatazama maadui zake. Mashabiki walisubiri siku atakayomkabili Hogan. Siku hiyo ikawa Desemba 28, 1997. Hadithi ilitaka mwamuzi amwonee Sting kwa kuhesabu haraka, kisha aibu hiyo irekebishwe. Lakini mwamuzi alihesabu kwa kasi ya kawaida. Kwa waliotazama, Sting alishindwa kihalali, kisha akapewa mkanda baada ya pambano kuanzishwa upya. Kungoja mwaka mzima kukaishia kwenye mkanganyiko.

Mfano wa pili ni Goldberg. Alikuwa mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mwenye nguvu na asiye na maneno mengi. Alishinda kila pambano. Tarehe 6 Julai 1998 alimshinda Hogan na kuwa bingwa mbele ya watu takriban 40,000 mjini Atlanta, mji aliowahi kuuchezea. Idadi ya ushindi wake iliyotangazwa ilifika 173. Mashabiki waliokuwa wakihesabu nyumbani walijua imeongezwa. Kisha Desemba 1998 akapoteza kwa Kevin Nash, baada ya Scott Hall kumpiga shoti ya umeme.

Hapo mtu angetarajia Goldberg alipize kisasi. Tarehe 4 Januari 1999, Nitro ikiwa tena Atlanta, pambano lake na Nash lilitangazwa. Halikufanyika. Katika hadithi ya usiku huo Goldberg alikamatwa na polisi, na Hogan akachukua nafasi yake. Hogan akamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja. Nash akaanguka chali kama gunia, Hogan akamlalia, na mkanda ukawa wake. Wawili hao walikuwa kitu kimoja muda wote. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kuona pambano, wakaonyeshwa kidole.

Usiku huo huo, mtangazaji wa WCW aliagizwa kutoboa siri kwamba Mick Foley angekuwa bingwa kwenye kipindi cha WWF, kilichokuwa kimerekodiwa. Alilisema kwa dhihaka. Matokeo yake, watazamaji laki kadhaa walihama kwenda kumwona Foley, mtu wa kawaida aliyehangaika miaka mingi, akipata alichokitafuta. WWF walitimiza ahadi. WCW waliicheka.

Kwa nini hakuna aliyezuia?

Sababu zipo kadhaa. Baadhi ya nyota wakubwa, Hogan akiwemo, walikuwa na mikataba iliyowapa sauti juu ya jinsi mapambano yao yatakavyoisha. Vijana walipata shida kupanda. Kadhaa walichoka na kuhamia WWF, akiwemo Eddie Guerrero. Mikataba minono ilimlipa mtu hata wiki ambazo hakupanda ulingoni.

Mwaka 2000 mkanda wa ubingwa wa dunia alipewa mwigizaji wa filamu, David Arquette, ili kuitangaza sinema. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya takriban dola milioni 60.

Mlinzi wake naye hakuwa na nguvu tena. Turner alikuwa ameiunganisha kampuni yake na Time Warner mwaka 1996, na Januari 2001 Time Warner ikaungana na AOL. Viongozi wapya wa televisheni hawakuitaka mieleka, wakaiondoa kwenye ratiba. Kampuni ya mieleka isiyo na televisheni ni kama duka lisilo na mlango. WWF waliinunua kwa dola milioni chache tu.

Kipindi cha mwisho kilirushwa Machi 26, 2001 kutoka Panama City Beach, Florida. Booker T alishinda ubingwa wa dunia usiku huo. Pambano la mwisho kabisa lilikuwa la Sting na Ric Flair, kama walivyopambana kwenye Nitro ya kwanza. Sting alishinda, kisha wakakumbatiana. Kukumbatiana kule hakukuwa igizo.

Nani alipoteza?

Wanamieleka walipoteza kwanza. Siku kampuni zikiwa mbili, unaweza kusema "nikikosa hapa nitaenda kule". Ikibaki moja, unapokea unachopewa. Mtazamaji naye alipoteza. Fikiria ligi yetu ina Simba bila Yanga, au Yanga bila Simba. Anayebaki atashinda kila msimu, lakini nani atakesha akibishana? Ilichukua hadi 2019 kwa kampuni nyingine, AEW, kuanza kurusha mieleka kwenye televisheni ya TNT, ile ile iliyorusha Nitro. Sting aliishia huko. Alipigana mara ya mwisho Machi 2024, Greensboro, North Carolina, akiwa na umri wa miaka 64, na alishinda.

Sisi watangazaji tunaisoma habari ya WCW kwa makini, maana nasi tunaishi kwa ahadi. Tukisema kipindi cha kilimo ni saa moja usiku, kuna mtu ameacha shughuli ili asikilize. Tukileta kingine mara moja, atavumilia. Tukizoea, atazungusha redio yake aende kwingine, na hatatupigia simu kutuaga. WCW ilikuwa na fedha, nyota na wiki 83 za ushindi. Watu wake waliondoka hivyo hivyo, kimya kimya, mmoja mmoja.