Magamba: Aya ya herufi 700 isiyo na pa kupelekwa

Herufi 700, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Ndicho kipimo anachopewa mwombaji wa masomo ya udaktari Marekani kueleza kila kazi aliyofanya, hata ya kujitolea, kwenye fomu ya pamoja iitwayo AMCAS. Anaruhusiwa kuorodhesha hadi kazi 15, na kwa tatu anazoziona nzito zaidi anaongezewa herufi 1,325. Ataje saa alizotumikia na mtu wa kuulizwa.

Huyo mtu wa kuulizwa nilimkuta Magamba, juu ya Lushoto, kwenye barabara ya kupanda kwenda Mlalo. Ni muuguzi mkunga mstaafu, ameomba nisimtaje jina. Kwa miaka amewaandikia barua vijana wa Kizungu waliokuja milimani kujitolea. Wajerumani hawakosekani, kwa undugu wa Walutheri wa huku na kule. Kwao barua hiyo ina faida: Desemba 2017 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikosoa namna nafasi za udaktari zilivyokuwa zikigawiwa kwa kuegemea mno alama za shule, na tangu utaratibu mpya uanze 2020, vipo vyuo vinavyompa pointi aliyemaliza mwaka wa kujitolea.

Kilichonikereketa ni kwamba siku hizi wanaompigia hodi ni watoto wa Magamba wenyewe, waliomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB. Hawa hakuna anayewauliza. Iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, chuo kinataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia basi. Ulimchotea nani maji, hayo ni yako na Mungu wako.

Na mkunga huyu bado anawaandikisha aya ileile.

Mezani palikuwa na kaunta buku. Binti mmoja alikuwa ameandika kwamba ameihudumia jamii yake kwa moyo wa upendo na kuielimisha kuhusu afya bora. Mama mkunga akaisoma kwa sauti, akavua miwani.

"Jamii ndiyo nani, mwanangu?"

"Wazee, mama. Kule bondeni."

"Wazee wangapi?"

Kimya kidogo. "Mmoja. Bibi mwenye presha."

"Basi mwandike huyo mmoja."

Ikatoka polepole. Kila Jumamosi binti alikuwa akimchotea bibi maji. Siku moja, akitua ndoo, akaona vidonge vya asubuhi vimekwisha kabla ya siku yake na vya usiku vimejaa tele. Bibi hasomi. Binti akachora jua kwenye kibahasha kimoja na mwezi kwenye kingine, kama wanavyochora madirishani pa dawa. Wiki iliyofuata mambo ni yaleyale. Bibi akamwambia: huku kwetu ukungu unakaa hadi saa nne, hilo jua lako nitaliona wapi? Nichoree jogoo.

Akachora jogoo. Vidonge vikaanza kwenda sawa.

"Na huyo jogoo mbona hukumwandika?"

"Niliona ni mambo ya kitoto, mama."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Mengine yote uliyoandika angeweza kuandika hata mtu asiyemjua bibi."

Nakiri jogoo huyo amenikaa kichwani kuliko takwimu zote nilizowahi kupewa kwenye semina za afya.

Kisha ikaanza kazi ya kukata. "Nilimtibu" ikafutwa, ikawekwa "nilimkumbusha". Hapo mama hana mzaha. Aliwahi kukataa kumsainia kijana wa ng'ambo aliyejisifu kuwa ameshona kidonda. "Kwao haruhusiwi, huku anashika sindano. Ngozi ya mgonjwa wetu ni daftari la mazoezi?" Chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, kilishatoa mwongozo tangu 2011 kuwaonya wanafunzi wasifanye kwa wagonjwa wa nchi nyingine yale wasiyofundishwa. Anayejisifia kushona anajishtaki kwa mkono wake.

"Nyuma ya kanisa" nayo ikaondoka. Ukitaja nyumba ilipo, Magamba nzima itajua nani anameza nini. Saa nazo zikapunguzwa zikabaki zile zilizomo daftarini. Binti alitaka kuzitoa na za kuchota maji; mama akazirudisha. Bila ndoo, asingefika kwenye vidonge.

Nikamuuliza mama kwa nini anawachosha kwa aya ambayo hakuna chuo cha nchini kitakachoisoma.

"Huyu akiwa daktari ataandika faili. Mimi nimesoma mafaili maisha yangu yote: mgonjwa anaendelea vizuri. Vizuri vipi? Amekula? Amekojoa? Hakuna."

Je, vyuo vyetu viweke kisanduku cha kujitolea? Alicheka. "Wiki hiyohiyo mihuri itaanza kuuzwa." Ana hoja. Tena kuna mtoto ambaye Jumamosi yake yote ni kubeba kabichi za nyumbani kwenda sokoni. Huyo ataandika nini? Hata hivyo sijaridhika. Mgeni anakaa kwetu mwaka mmoja, anarudi kwao na barua yenye pointi. Aliyebaki anashuka bondeni kila wiki, na barua yake ni karatasi tu. Sijui ni nani wa kumweleza binti huyu hesabu hiyo ikaeleweka.

Tulipokuwa tukiagana nikamuuliza binti kama bibi anajua kuwa ameandikwa. Akamtazama mama.

"Jumamosi atamwuliza," mama akajibu.

"Akikataa?"

"Atatafuta kingine cha kuandika."