Jifunze Python (Sehemu ya Pili): Kosa Linalopiga Kelele na Kosa Linalonyamaza

Katika sehemu ya kwanza tuliweka Python kwenye simu na kwenye kompyuta, tukaandika mistari michache. Leo tunaingia kwenye makosa, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa. Hapa Kinampanda, wilayani Iramba, kuna chuo cha ualimu, na wengi wanaoniuliza maswali ni walimu watarajiwa. Hawaniulizi habari za kutengeneza michezo. Wanataka programu ndogo ya kupanga madaraja, waende nayo kwenye mazoezi ya kufundisha.

Jioni moja dada mmoja alinikabidhi simu yake. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu:

Print("Karibu")

Skrini ilikuwa imejaa maandishi mekundu ya Kiingereza. Alishafuta na kuandika upya mara tatu, na kila mara mambo yakawa yale yale. Nikamwomba asifute tena, asome mstari wa mwisho peke yake. Ulisema NameError, yaani jina Print halijulikani, na palepale Python ikauliza kama alikusudia print. Kibodi ya simu ndiyo iliyoweka herufi kubwa mwanzoni, kama inavyofanya tukiandika ujumbe. Kwa Python, P kubwa na p ndogo ni herufi mbili tofauti kabisa.

"Kumbe ilishaniambia, mwalimu," akasema.

Ilishamwambia, naam. Ripoti ya kosa husomwa kutoka chini kwenda juu: mstari wa mwisho unataja kosa lenyewe, na mistari iliyo juu yake inataja faili na namba ya mstari lilipotokea. Tangu toleo la 3.10 la Oktoba 2021 ripoti hizi zimekuwa wazi zaidi. Ukisahau kufunga mabano, sasa unaambiwa ni mabano yapi uliyoyaacha wazi. Anayetumia toleo la zamani akiambiwa kosa liko mstari wa 8 na haoni kitu hapo, aangalie mstari wa 7.

Wengi wananiambia kikwazo chao ni Kiingereza. Nawaelewa, lakini maneno yenyewe ya lugha hii ni machache, hayafiki hata 40. Mengine yote unayatunga mwenyewe, na ushauri wangu ni uyatunge kwa Kiswahili: alama, jina, daraja, wastani. Ukifanya hivyo, kila ukitazama programu yako unajua papo hapo lipi ni neno la Python na lipi ni lako. Anayetunga majina yake kwa Kiingereza hupotelea humo humo.

Nafasi za mwanzo wa mstari nazo zinasumbua. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka 1991, aliamua kwamba mistari iliyo chini ya sharti fulani itambulike kwa kusogezwa kulia, ilhali lugha nyingi hutumia mabano. Sogeza kwa nafasi nne kila mara, usichanganye na kitufe cha Tab. Na ukinakili mistari kutoka kwenye hati iliyochapwa, angalia alama za kunukuu: zile zilizopinda zinakataliwa, zinatakiwa zilizonyooka.

Sasa tuje kwenye alama za mtihani. Kila kitu kinachoingia kupitia input ni maandishi, hata kama mtu ameandika 67. Ukiuliza kama maandishi hayo yamefika 75, Python inakataa kwa TypeError: haiwezi kupima maandishi kwa namba. Dawa yake ni kugeuza kwanza:

alama = float(input("Alama: "))

Nimeandika float kwa makusudi, kwa kuwa int ingekataa 67.5.

Hayo yote ni makosa yanayopiga kelele, na mimi siyaogopi. Ninayoyaogopa ni yale yanayonyamaza. Chukua orodha ya alama ambazo hazikugeuzwa kuwa namba, "75", "100" na "68", kisha iombe Python ikutajie alama iliyoongoza kwa kutumia max. Itajibu "75". Inapanga kama kamusi inavyopanga maneno, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza, na 1 hutangulia 6 na 7. Mtoto aliyepata mia anaonekana wa mwisho, na hakuna maandishi mekundu yoyote.

Mwingine alikuwa na orodha ya wanafunzi 45. Akapitisha namba kwa range(1, 45), yakatoka majina 44. Aliyekosekana alikuwa wa kwanza kabisa, kwa kuwa Python huanza kuhesabu na sifuri. Namba ya kila jina ni umbali wake kutoka mwanzo wa orodha, na aliye mwanzoni yuko umbali wa sifuri. Ni afadhali kuandika for jina in majina, uachane na namba.

Lakini kesi iliyonikaa moyoni ni ya wastani wa 74.5. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani (NECTA) vya kidato cha nne, A huanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini yake F. Kijana aliyeandika programu alinakili viwango kama vilivyo: kama alama ni 65 au zaidi na haizidi 74, andika B. Kwa hiyo 74.5 haikuingia kwenye B wala kwenye A, na safu ya daraja ikabaki tupu.

Akarekebisha kwa round, akitegemea kupata 75. Akapata 74. Python 3 ikikuta nusu kamili huikadiria kwenye namba shufwa iliyo karibu: 74.5 inakuwa 74, na 75.5 inakuwa 76. Vivyo hivyo 44.5 inashuka hadi 44, mtoto anapata D, wakati 29.5 inapanda hadi 30. Kanuni hiyo ina sababu zake katika takwimu, lakini mwalimu wa darasani hakufundishwa kukadiria hivyo, na mzazi wa mtoto hatamwelewa.

Walimu wakishakubaliana kwamba nusu inapanda, waiandike hivyo:

wastani = int(wastani + 0.5)

Kisha sharti lianze juu, 75, na kushuka kwa elif, yaani la sivyo kama. Likianzia 30, kila aliyefaulu atapewa D. Kabla ya kuingiza jina la mtoto yeyote, jaribu 29, 29.5, 30, 44.5, 45, 64.5, 65, 74, 74.5 na 75, ukiwa umeandika majibu sahihi kwenye karatasi pembeni.