Sheria ya Mtoto na Mgeni Mashuhuri: Funzo Kutoka Malawi

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba sheria ya haki haimtazami mtu usoni kabla ya kumhukumu. Hata hivyo, katika nchi nyingi, tajiri na maskini, msumeno huo huwa butu pindi unapomfikia mtu mashuhuri. Ubutu huo unatisha zaidi katika mambo ya watoto, kwa kuwa mtoto mchanga hana sauti mahakamani, hana fedha, wala hana wa kumsemea ila wale waliopewa dhamana na dola.

Jirani zetu wa Malawi walipata mtihani wa namna hiyo, na yafaa sisi sote tuutafakari. Sheria ya Malawi ya kuasili watoto, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, ilitungwa mwaka 1949, wakati wa ukoloni. Ilisema waziwazi kuwa mahakama isimpe mtoto mwombaji ambaye si mkazi wa nchi. Mnamo Oktoba 2006 Mahakama Kuu ilimpa Madonna, mwanamuziki wa Marekani aliyekuwa akiishi Uingereza, amri ya muda ya kumlea mtoto wa kiume kutoka makao ya Home of Hope, wilayani Mchinji. Siku chache baadaye mtoto huyo alikuwa London. Kipindi cha uangalizi kilikuwa miezi 18, na amri ya mwisho ikatolewa Mei 2008. Vyama vya kutetea haki za binadamu nchini Malawi vilikwenda mahakamani kulalamika kwamba taratibu zimerukwa.

Pengine mtu atauliza: sharti la ukazi lina faida gani ikiwa mtoto anapata nyumba njema? Faida yake ni kubwa. Ofisa wa ustawi wa jamii anatakiwa kufika katika nyumba ya mlezi bila kualikwa, kuona mtoto analala wapi, kuzungumza na majirani, na kurudi tena baada ya miezi michache. Mlezi akiishi kijiji cha pili, kazi hiyo huwezekana kwa baiskeli. Akiishi ng'ambo, ofisa huhitaji tiketi ya ndege, viza na miadi. Ukaguzi wenye miadi ni ziara, si ukaguzi. Kwa hiyo sharti la ukazi ndilo jicho la sheria, wala halikuwekwa kwa ajili ya kuwachukia wageni.

Mwaka 2009 mwanamuziki huyo alirudi kuomba mtoto wa pili, wa kike. Safari hii Jaji Esme Chombo wa Mahakama Kuu alikataa. Alieleza kuwa mwombaji hakuwa mkazi, kwani aliingia nchini siku chache tu kabla ya shauri kusikilizwa. Akaonya kwamba mlango ukifunguliwa kwa nia njema, wanaweza kupita humo hata wale wanaofanya biashara ya watoto. Huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa kuwa ulimwengu mzima ulikuwa ukitazama, na mwombaji alikuwa mfadhili wa maelfu ya watoto wa nchi hiyo.

Mwezi Juni mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Majaji walisema kuwa maana ya ukazi sharti ifuate nyakati, na kwamba mwombaji hakuwa mpita njia, bali alikuwa na kazi ya kudumu ya kuwasaidia watoto wa Malawi. Walisema pia kuwa hakuna familia nyingine iliyojitokeza kumwomba mtoto yule, na kwamba njia nyingine ilikuwa kumwacha akulie katika makao ya yatima. Hoja hii ya mwisho ni nzito, na si haki kuipuuza. Baadaye, Februari 2017, mahakama iliruhusu pia mapacha wawili wa kike kutoka Mchinji waasiliwe na mama huyohuyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Ikiwa ukazi unaweza kupimwa kwa miradi ya misaada, ni nani awezaye kupita katika kipimo hicho? Mwalimu au muuguzi wa kigeni asiye na shirika wala mradi hawezi. Mwenye fedha nyingi ndiye awezaye. Mkono mtupu haulambwi. Sheria inayosomeka hivyo haijavunjwa na mtu yeyote, lakini imepinda, na imepindia upande wa mwenye nacho.

Upande wa pili yupo mzazi maskini. Mtoto wa kwanza hakuwa yatima kamili. Mama yake alifariki baada ya kujifungua, na baba, mkulima wa kijijini, akampeleka katika makao kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlea. Waandishi wa habari walimnukuu akisema kuwa hakuelewa kwamba anamtoa mtoto moja kwa moja, ingawa baadaye alisema hapingi. Swali si kama baba huyo alimpenda mwanawe. Swali ni kwa nini msaada ulilifikia jengo la makao, usimfikie yeye nyumbani kwake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unasema kuwa kumpeleka mtoto kuasiliwa nje ya nchi kuwe njia ya mwisho kabisa. Hauwezi kusemwa umefika mwisho wa njia yule ambaye bado hajajaribu ya kwanza.

Haya hayasemwi kwa kumkashifu mtu. Wodi za upasuaji wa watoto zilizofunguliwa mwaka 2017 katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, kwa ufadhili wa shirika la mwanamuziki huyo, zinaokoa maisha. Lakini shukrani ni kitu kimoja na hukumu ni kitu kingine. Taifa linalolipa shukrani zake kwa kulegeza sheria ya watoto linalipa kwa mali isiyo yake.

Nchi za Afrika Mashariki zimechukua hatua mbalimbali. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni mnamo Novemba 2014. Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2016, iliweka mwaka mmoja wa kuishi nchini na kumlea mtoto chini ya uangalizi. Miaka yaweza kutofautiana, lakini jambo la msingi ni moja: idadi iliyoandikwa isomwe vilevile kwa kila mwombaji.

Ofisa wa ustawi wa jamii katika wilaya ya mbali asilazimike kuwa shujaa ndipo aseme hapana kwa mtu mkubwa. Sheria iliyo wazi, inayofuatwa daima, ndiyo itakayosema kwa niaba yake, na kwa niaba ya mtoto asiyejua bado kusema.