Majaji Watatu, Pambano Moja: Funzo kwa Mwalimu Asahihishaye Insha

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha shule ya msingi, mwanafunzi mmoja wa Darasa la Sita aliniletea madaftari mawili, lake na la mwenziwe. Wote wawili walikuwa wameandika insha juu ya siku ya mnada. Yake nilikuwa nimeipa alama 11 kati ya 20, na ya mwenziwe 15. Akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, nimepungukiwa wapi?” Nilizisoma insha zile upya mbele yake, nikaona kwamba sina jibu. Nilichokumbuka ni kuwa moja niliisahihisha asubuhi, na nyingine usiku, nikiwa nimechoka, kwa mwanga wa chemli. Mtoto akasema, “Ahsante, Mwalimu,” akaenda zake. Tangu siku ile hakuniandikia tena insha iliyozidi nusu ukurasa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini watu waaminifu, wakitazama jambo lile lile, hufikia hukumu zinazopingana, na mwalimu afanye nini ili alama anazotoa ziweze kutetewa mbele ya mtoto. Mfano nitakaoutumia ni wa mchezo wa ngumi, kwa kuwa huko kila hukumu huandikwa kwa tarakimu, na hitilafu ya waamuzi haifichiki.

Pambano lenyewe

Tarehe 6 Aprili 1987, mjini Las Vegas, Marekani, Marvin Hagler alipambana na Sugar Ray Leonard kugombea taji la dunia la uzito wa kati la WBC, ambalo Hagler alikuwa akilishikilia. Pambano lilikuwa la raundi 12, nalo likaisha bila ya bondia yeyote kuangushwa. Majaji walikuwa watatu. Lou Filippo alimpa Hagler ushindi wa 115 kwa 113. Dave Moretti alimpa Leonard ushindi wa 115 kwa 113. Jo Jo Guerra alimpa Leonard 118 kwa 110. Hivyo Leonard alitwaa taji kwa kura mbili dhidi ya moja. Hagler hakuukubali uamuzi ule, wala hakupigana tena hadi alipofariki mwaka 2021. Wapenzi wa ngumi wangali wakibishana juu yake.

Yafaa mwanachuo aelewe jinsi pointi hizo zinavyopatikana. Kila jaji huketi peke yake kando ya ulingo, na kila raundi inapokwisha huandika hukumu yake bila ya kushauriana na wenzake. Aliyeshinda raundi hupewa pointi 10, na aliyeshindwa kwa kawaida hupewa 9. Akiangushwa, aghalabu hupewa 8. Mwisho wa pambano pointi zote hujumlishwa.

Sasa na tuzichambue hesabu. Bondia aliyeshinda raundi 7 na kushindwa 5 hupata 70 na 45, yaani 115. Mpinzani wake hupata 50 na 63, yaani 113. Kwa hiyo Filippo aliona Hagler ameshinda raundi 7, na Moretti aliona ameshinda 5. Raundi mbili tu zinatosha kuleta tofauti hiyo yote. Ama 118 kwa 110 maana yake ni raundi 10 kwa 2, na kadi hiyo ya Guerra ndiyo iliyolaumiwa zaidi.

Chanzo cha hitilafu

Wengi husikia habari kama hizi wakadhani papo hapo kwamba jaji mmojawapo amehongwa. Hayo huweza kutokea, lakini si lazima yawepo ndipo majaji watofautiane. Ziko sababu mbili zilizo karibu zaidi.

Sababu ya kwanza ni vigezo. Majaji huagizwa kutazama mambo manne: ngumi safi zinazofika mwilini, ushambulizi wenye manufaa, kuutawala ulingo, na ustadi wa kujihami. Hata hivyo, jaji hapewi kipimo cha kumwonyesha kila jambo lina uzito gani. Siku ile Hagler alikuwa akimfuata mwenzake bila kukoma, akipiga kwa nguvu. Leonard alikuwa akizunguka ulingoni, akikwepa, kisha akimimina ngumi za haraka, hasa raundi ilipokaribia kwisha. Jaji anayethamini ushambulizi alimwona Hagler akishinda. Anayethamini wepesi na ustadi alimwona Leonard. Kila mmoja alikuwa na mizani yake moyoni kabla ya kengele ya kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba raundi iliyoshindwa kwa unywele huandikwa 10 kwa 9 sawasawa na raundi iliyoshindwa waziwazi. Raundi za namna hiyo zikiwa nyingi, maamuzi madogo yenye mashaka hujikusanya yakawa hukumu moja kubwa isiyoonyesha mashaka yoyote.

Mwanachuo aweza kuuliza, je, mashine haiwezi kuondoa hitilafu hiyo? Ilijaribiwa. Katika fainali moja ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alishindwa na Park Si-hun wa Korea ya Kusini kwa majaji 3 dhidi ya 2, uamuzi uliolalamikiwa sana. Katika Michezo ya Barcelona ya mwaka 1992 majaji wakapewa vitufe vya kubonyeza, na ngumi ikahesabiwa pale tu walipobonyeza majaji 3 kati ya 5 kwa wakati mmoja, ndani ya sekunde moja. Malalamiko hayakwisha, kwani vidole vilivyobonyeza vilikuwa bado vya wanadamu. Mwaka 2013 utaratibu huo uliachwa katika ngumi za ridhaa, ukachukuliwa ule wa pointi 10.

Mwalimu na kalamu nyekundu

Mwalimu asahihishaye insha ni jaji aliye peke yake kando ya ulingo, tena hana majaji wawili wengine wa kumrekebisha. Kwa hiyo inampasa ajiwekee utaratibu ufuatao.

Kwanza, agawe alama kabla ya kufungua daftari hata moja. Kwa insha ya alama 20, aweza kuweka 8 kwa mawazo, 5 kwa mpangilio, 5 kwa lugha na 2 kwa tahajia. Mgawanyo huo auandike ubaoni siku anapotoa kazi, ili mtoto ajue anapimwa kwa mizani gani.

Pili, aandike alama ya kila sehemu pembeni mwa insha, si jumla peke yake. Jumla huficha, sehemu hufichua.

Tatu, ayafunike majina. Mtoto mwenye sifa ya akili hushinda raundi nyingi kabla hajaandika neno.

Nne, amalizapo azirudie insha tatu za kwanza na kuzilinganisha na tatu za mwisho. Akiona mkono wake umelegea au umekaza, arekebishe.

Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, wanachuo watatu na waichukue insha moja, kila mmoja aisahihishe peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana, wasikimbilie kutafuta wastani, kwa maana wastani huzika ugomvi bila ya kuusuluhisha. Warudi kwenye sehemu moja moja waulizane: tumetofautiana katika mawazo, au katika lugha? Hapo watagundua kila mmoja amekuja na mizani gani.

Hitilafu haitakwisha kabisa, na mwalimu asijidanganye kwamba itakwisha. Lakini kama siku ile ningalikuwa na alama za sehemu pembeni mwa insha, ningalimwambia yule mtoto, “Mawazo yako ni mazuri kuliko ya mwenzio; umepungukiwa katika mpangilio, hapa na hapa.” Huenda asingalikubali. Lakini angalijua la kufanya katika insha iliyofuata.