Kwa nini mionzi haimalizwi kwa siku moja

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza na wewe uliyepewa barua ya kwenda Mulago, Kampala, kupata tiba ya mionzi, na wewe utakayebaki kambini na watoto wa mgonjwa.

Swali tunaloletewa ni hili: kama mashine inaua kansa, kwa nini isiiue siku moja tukarudi nyumbani? Kwa nini mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi aende kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi?

Jibu moja kubwa ni oksijeni, ile hewa tunayovuta na damu ikaibeba.

Fikiria bomba la maji hapa kambini. Walio karibu hujaza madumu kwanza, walio mbali hupata kidogo au hukosa kabisa. Ndani ya uvimbe wa kansa, bomba ni mshipa wa damu, na maji ni oksijeni. Seli za karibu na mshipa huimaliza. Zilizo mbali kidogo tu, hata sehemu ya tano ya milimita, hubaki na kiu. Watafiti wa Uingereza, Thomlinson na Gray, walieleza hali hii mwaka 1955 walipochunguza kansa ya mapafu.

Sasa sikiliza vizuri. Oksijeni ndiyo hufanya jeraha la mionzi ndani ya seli lisipone. Seli yenye kiu huhitaji mionzi karibu mara tatu ndipo ife. Kuitoa yote siku moja kungeumiza kibofu na utumbo vilivyo jirani.

Kwa hiyo siku ya kwanza hufa zaidi seli zilizoshiba. Zinazobaki hai, nyingi ni zenye kiu. Lakini saa na siku zinapopita, seli zilizokufa hazinywi tena. Uvimbe unasinyaa, na oksijeni inazifikia zile za ndani. Mionzi inayofuata inazikuta zimepata hewa, na sasa ni rahisi kuziua. Kila siku ya tiba inafungua njia kwa siku ya pili.

(Muziki mfupi.)

Hapa ndipo tunapoteza watu. Baada ya siku kadhaa damu inaweza kuacha kutoka. Mama anasema, nimepona. Anasikia kuna mgao wa chakula, anapanda basi. Kumbe seli zilizobaki ndizo zimeanza kupata hewa. Zisipopigwa, zinaongezeka upya. Kwa kansa hii, tiba yote ya mionzi, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, uliza ofisi ya mgao nani anaweza kukuchukulia chakula. Ukiwa kwenye tiba, kubali kupimwa damu, maana damu pungufu hubeba oksijeni kidogo. Acha sigara, nayo huipunguza. Ukikosa siku moja, usione aibu: rudi kesho yake, uwaambie.

Na wewe baba, usimpigie simu mama arudi kupika. Muulize tu: zimebaki siku ngapi?

(Muziki wa kufunga.)