Anwani ya MAC: namba ya kompyuta inayoweza kubadilishwa

Mnamo Agosti 2013, mamlaka ya City of London nchini Uingereza iliitaka kampuni ya Renew iache kukusanya taarifa za simu za wapita njia kupitia mapipa ya taka yaliyowekwa mitaani. Simu hizo hazikuhitaji kuunganishwa na mtandao wowote. Ilitosha Wi-Fi iwe imewashwa. Kilichonaswa ni anwani ya MAC.

Anwani hiyo ni namba ya biti 48, inayoandikwa kwa tarakimu na herufi 12, ambayo kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Kwa kawaida nusu yake ya kwanza humtambulisha mtengenezaji. Kwa kuwa haibadiliki yenyewe, anayeinasa leo na kesho hutambua kwamba kifaa ni kilekile.

Hata hivyo, mfumo wa kompyuta unaweza kutumia namba nyingine badala ya ile ya kiwandani. Katika Windows 10 na 11, mtumiaji hufungua mipangilio ya Wi-Fi na kuwasha anwani za nasibu, iwapo kadi yake inaruhusu. Katika Linux, msimamizi huzima kiunganishi cha mtandao, huandika anwani mpya kwa amri ya «ip link», kisha hukiwasha tena. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya, ile ya awali hurejea. Simu zenye Android 10 ya mwaka 2019 au iOS 14 ya mwaka 2020 kwa kawaida hutumia zenyewe anwani tofauti kwa kila mtandao wa Wi-Fi.

Anayejibunia anwani ahakikishe alama ya pili ni 2, 6, A au E, ishara kwamba haikutoka kiwandani. Aidha, asichukue ya kifaa kingine, kwani vifaa viwili vyenye anwani moja katika mtandao mmoja huvurugana.

Kinga hii ina mipaka. Anwani ya MAC haivuki ruta kwenda kwenye intaneti, hivyo kuibadilisha hakumfichi mtu mbele ya tovuti anazozitembelea. Tena, ofisi au chuo kinachoruhusu vifaa vilivyoorodheshwa pekee kitaikataa anwani mpya. Faida yake ni moja, nayo si ndogo: anayesikiliza mawimbi ya Wi-Fi njiani hupata ugumu kufuatilia nyendo zako.