Kipupwe cha Mlimani

Hapa Bofu kipupwe ni ile miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, wazee wanapokwenda swala ya alfajiri wamejitanda shuka juu ya kanzu. Hiyo ndiyo baridi niliyokulia. Basi siku nilipomwambia baba kwamba nimelipia mafunzo ya kutembea kwenye theluji ya Mlima Kenya, alikitua kikombe chake cha chai. Baba amevua upande wa Mtongwe miaka zaidi ya thelathini. Habari za theluji hakuziuliza. Aliuliza: "Nahodha wenu ni nani, mwanangu? Bahari ikichafuka, huyo hurudi?"

Nilimcheka. Hazikupita siku tano nikawa nimepiga magoti nyuma ya jiwe natapika, na nahodha wetu ananiambia nikaze moyo.

Kazi yangu ni kutembeza wageni: Shimba Hills, Kaya Kinondo, Wasini. Wageni waliposhiba bahari walianza kuulizia mlima, nami nikaona nijifunze. Nilichagua mafunzo kwa vigezo viwili tu, bei na idadi ya siku, na katika vyote viwili nikachukua kilicho kidogo. Nikavuka feri, nikapanda treni Miritini hadi Nairobi, kisha matatu ya Naro Moru. Usiku wa kwanza tulilala Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili tulilala kambi ya Mackinder, mita kama 4,200. Saa nane za usiku kichwa kiligonga kama kinu cha mama anayetwanga. Mpagazi mmoja, sio mwongozaji, ndiye aliyebeba mzigo wangu na kunishusha. Tulipofika Met Station kichwa kilikuwa kimetulia na niliagiza ugali.

Niliporudi nyumbani nikaanza kuuliza, na nilichokipata ndicho ninachokuandikia wewe unayetaka kwenda.

Swali la kwanza ni la hesabu: tutalala wapi, kila usiku? Lenana, kilele ambacho watembeaji wengi hulenga, kina mita 4,985. Huko kila pumzi unayovuta ina oksijeni nusu tu, na kidogo zaidi, ya ile unayovuta ukisubiri feri Likoni. Mwili hujizoesha, lakini kwa muda wake. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku mmoja zaidi. Sasa chukua kalamu. Kutoka Met Station hadi Mackinder ni mita 1,150. Ratiba yangu ilikuwa imeuzidi ushauri huo mara mbili na zaidi, nami nimetoka nyumba ambayo mawimbi husikika usiku. Kawia ufike, huandikwa nyuma ya matatu, na mlimani ndiyo dawa.

Swali la pili: mafunzo haya yananiandaa kwa hatari gani? Maana milima haifanani. Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, ina shule mashuhuri ya Glenmore Lodge, kwenye milima ya Cairngorms, ambako watu hufundishwa kuishi na majira ya baridi. Lakini Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu. Vuria wetu wa Taita una mita 2,208! Uskoti hakuna tatizo la hewa nyepesi. Linalowaua watu huko ni upepo, maporomoko ya theluji, na kupotea katika ukungu mweupe ambamo huoni hata mkono wako. Huko utajifunza dira, ramani na barafu. Mlima Kenya utajifunza kwanza kuusikiliza mwili. Mwenye kutaka vyote viwili asidhani chuo kimoja kitamtosha.

Tena barafu yetu inakwisha. Lewis, barafu ya kudumu iliyo chini ya Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na imeendelea kumomonyoka. Anayekuahidi mafunzo ya barafu Mlima Kenya muulize ni barafu ipi, na mwezi gani aliiona mara ya mwisho. Huenda jibu la kweli likawa kwamba mtafanyia mazoezi kwenye theluji ya usiku, kabla jua la ikweta halijaiyeyusha. Jibu hilo lisikukimbize. Mkimbie anayejibu kwa picha za zamani.

Vifaa visikutie hofu. Nusu ya vyangu nilivinunua Kongowea, kwenye mitumba: sweta mbili za sufu, glovu za watu wa Ulaya wanaoteleza kwenye theluji, na buti ngumu zilizokuwa zimetupwa chini ya rundo la raba. Mwenye duka alidhani nimepata kazi kwenye friza za samaki. Acha fulana za pamba na jinzi nyumbani. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukunyonya joto. Lakini shoka la barafu, kofia ngumu na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, mwachie mwalimu akupe, na uvikague. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki kwenda kuupanda mlima huu. Mashoka yao yalitokana na nyundo, meno ya viatu yakatokana na mabati ya gari bovu na seng'enge. Kwanza wawili wao walijaribu kilele cha Batian, wakashindwa na dhoruba, wakageuka. Baadaye walifika Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini kifungoni. Vifaa vyao vilikuwa vya kuokoteza, ila uamuzi wa kugeuka ulikuwa wa watu wanaojua mlima.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la baba. Sasa nikimpigia mwalimu simu, kabla ya bei, kabla ya cheti, namuuliza: "Mara ya mwisho uliwarudisha watu lini, na kwa nini?" Wawili walinijibu kwamba kwao kila mtu hufika. Nikashukuru, nikakata. Wa tatu alinyamaza kidogo, kisha akanitajia mwezi, mahali, na mwanafunzi aliyekuwa akikohoa hata amekaa. Huyo nikamlipa.

Alituchukua wanne tu, kupitia njia ya Sirimon. Tulilala kambi ya Old Moses mara mbili, ya Liki North mara moja, kisha ya Shipton mara mbili. Kila jioni alitupima: tembea mstari mnyoofu, kisigino kiguse kidole cha mguu wa nyuma. Anayepepesuka kama mlevi, ubongo wake unavimba. Anayehema hata akiwa amelala, mapafu yake yanajaa maji. Dawa ya kwanza ya wote ni kushuka, usiku huohuo. Helikopta si bodaboda. Mawingu yakifunga haiji.

Siku ya sita alfajiri tulikuta mteremko wa theluji ngumu, chini yake pamelainika, hapana mawe. Tukavua meno ya chuma, akatufundisha kuanguka. Unajiachia kwa makalio, kasi inakushika, kisha unageuka kifudifudi: kichwa cha shoka kiko chini ya bega, mkono mwingine umeikamata ncha ya mpini kiunoni, na kifua chote unakilaza juu ya chuma. Kwanza shoka hukwaruza tu. Halafu huuma, theluji inakurukia usoni, na ghafla umesimama. Ukiwa umevaa meno, miguu lazima uinyanyue, la sivyo yatanasa na kukupindua. Nilianguka mara ishirini. Kufikia ya kumi mikono ilikuwa inafanya yenyewe, nami nikajua nililipia nini.

Lenana ilikuwa mbele yetu, mwendo wa saa moja hivi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Kisumu, aliulizwa atembee mstari wake. Hatua ya nne akaenda upande. Akajaribu tena, akaenda upande. Mwalimu alitazama mbingu, akatazama saa, akasema tunashuka, wote.

Bofu waliniuliza picha ya kileleni. Sina. Baba alitaka kujua habari za yule kijana, nikamwambia kwamba tulipofika Shipton alikuwa ameanza kutania watu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona wavu wake.

Mwakani nitaanza kuwapeleka wageni mimi mwenyewe, nikiwa msaidizi wa mwalimu yule. Wakiniuliza mara ya mwisho tulirudi lini na kwa nini, ninalo la kujibu.